Nilipotea chuoni wiki sita na hakuna aliyeuliza

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Sikonge, mkoa wa Tabora, na kwa miaka mitatu nilikua mwalimu mchana na mwanafunzi usiku. Mchana nasimama mbele ya watoto 94 chaki mkononi, usiku nikishalaza wangu naegemeza simu kwenye chupa ya asali pale mezani naingia darasani kwangu mimi mwenyewe, darasa ambalo sikuwahi kulikanyaga kwa mguu mpaka siku ya mahafali. Kwahiyo watu wakianza kubishana, iwe ofisini kwa walimu au kwenye Hiace ya kwenda mjini, huyu anasema kusoma onlaini sio kusoma hizo ni shahada za kwenye simu, yule anasema mambo ya kukaa darasani yamepitwa na wakati, mi huwa nanyamaza kwanza. Nimekaa pande zote mbili siku moja hiyohiyo, saa nane mchana niko huku saa nne usiku niko kule, na naona wote wawili jambo lenyewe wanalipita pembeni.

Nianze na uzuri, maana nikianza na lawama mtadhani naikataa onlaini na siikatai hata kidogo, bila hiyo leo nisingekua na shahada.

Nilikua na stashahada nikataka kusonga mbele. Kwenda Dar kwa treni kutoka Tabora mjini ni zaidi ya kilomita 800, na mimi mpaka nifike hapo stesheni nina kilomita kama 70 za kwangu kwanza. Kuondoka maana yake niombe ruhusa ya masomo na niisubiri, niache watoto wawili na mama ambae alishaanza kuugua, nikapange chumba kwenye mji ambao nyanya unanunua moja moja. Isingewezekana. Na najua walimu wengi wa huku, wauguzi, maafisa watendaji, ambao hesabu zao ni hizohizo. Onlaini ilinifuata nilipo. Mtandao nyumbani unashika dirishani tu, dirisha la upande wa mwembe, ukisogea hatua mbili umepotea, na bando la mchana lilikua linanishinda bei, kwahiyo natega alamu saa sita usiku naamka nanunua bando la usiku, naweka lekcha zijidaunlodi, narudi kulala, kesho yake jioni naangalia. Sola ikiwa imepata jua la kutosha naangalia mbili.

Na kuna kitu kwenye lekcha ya simu ambacho darasani hakipo, ule uwezo wa kumrudisha mwalimu nyuma. Darasani ukimwambia mwalimu rudia mara ya tatu wenzako wameshaanza kuguna, kwenye simu namrudisha mara kumi na sauti yake haibadiliki. Alafu kuna aibu. Mi nimesoma shule ya kata, tuko 70 kwenye mkondo mmoja, na miaka minne yote sikunyoosha mkono hata siku moja kuuliza swali. Sio kwamba nilikua naelewa, nilikua naogopa kuchekwa, kizungu changu kilikua cha kuungaunga na mtu akikosea darasani kosa linageuka jina lake mpaka anamaliza kidato cha nne. Swali langu la kwanza maishani mbele za watu niliuliza nikiwa na miaka 33, kwa kuandika, saa tano usiku, nimelifuta na kuliandika upya kama mara sita. Mhadhiri akajibu kesho yake asubuhi kwamba ni swali zuri na wengine pia walisome. Nilikua shuleni wakati wa mapumziko, nimesimama karibu na bomba, nikausoma ule ujumbe, nikafunga simu, nikaifungua nikausoma tena.

Sasa mwaka wa pili mama alizidiwa.

Tukampeleka mjini akalazwa, akatoka, akarudi tena kulazwa. Mimi nikawa nafundisha Jumatatu mpaka Alhamisi, Ijumaa mwalimu mwenzangu ananishikia darasa, Alhamisi jioni napanda gari naenda kulala hospitali chini kwenye mkeka. Chuo nikakiacha. Hata kuamua sikuamua, leo sijaingia nasema kesho, kesho ikawa keshokutwa, ikawa wiki, na kadri siku zinavyozidi ndo ile aibu ya kufungua inazidi kwasababu unajua kuna vitu vimelundikana vinakusubiri. Wiki sita nzima.

Na hapa ndo penyewe. Ule mfumo tuliokua tunasomea unajua kila kitu, unajua dakika niliyoingia, faili nililofungua, video nimeangalia mpaka wapi nikaikatia. Ni daftari la mahudhurio ambalo mwalimu wa enzi za wazee wetu angeliona ni muujiza. Na kwa wiki sita jina langu lilikaa kwenye lile daftari bila kuingia hata mara moja, na hakuna binadamu hata mmoja aliyeniandikia hata neno moja, vipi, uko wapi, unaumwa. Siku nilipofungua tena nilikua nimekaa kwenye ngazi za nje ya wodi, simu ina chaji asilimia 11, nikakuta jumbe mbili za mashine kwa maandishi mekundu, asaimenti ya kwanza haijawasilishwa, asaimenti ya pili haijawasilishwa, na tarehe. Basi. Nilijiona kama mtu aliyetoka msibani akakuta mlango una karatasi ya deni la maji.

Chuo sikitaji na wala sina kinyongo nacho, wahadhiri wao wachache na sisi tulikua mamia, na wenzangu wa vyuo vingine tukiongea wananiambia yaleyale. Mama alipona, namshukuru Mungu, yupo, ndo anaenikaangia karanga nikiwa naandika hivi.

Ila wiki hiyohiyo niliyorudi, darasani kwangu kule Sikonge binti mmoja hakuja siku mbili. Siku ya tatu naita majina, nafika kwake, kimya. Nikawauliza anaotoka nao njia moja wakasema mwalimu, wamehamia porini kwenye tumbaku. Mchana baada ya vipindi niliazima baiskeli nikaenda, njia ya mchanga ile baiskeli unaikokota zaidi ya kuiendesha, nikawakuta. Bibi yake aliponiona akanipa kigoda na bakuli la matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha vikakaushwa, kabla sijasema nimefuata nini. Tukaongea, nikamwambia bibi, huyu ana mtihani, akasema sawa mwalimu, atalala kwa mama yake mdogo huko karibu na shule. Jumatatu binti alikua dawatini.

Narudi jioni ile nakokota baiskeli, nikawa najiuliza, na mimi wa kunifuata mimi na baiskeli yuko wapi?

Mwingine akifika hapa atasema basi umeshasema mwenyewe, darasa la ana kwa ana ndo lenyewe. Subiri kwanza. Kuna jambo lingine linaniuma zaidi ya lile la chuo kwasababu hili ni la darasani kwangu mwenyewe.

Kuna kijana alikua darasa la tatu, anakaa dawati la tatu upande wa mlangoni, hakosi shule hata mvua inyeshe vipi. Mtulivu, daftari safi, mama yake kalijalidia na gazeti. Nikimsimamisha asome anasoma vizuri tu kwa sauti. Siku moja wanasoma habari ya sungura na fisi, yeye anasoma, mi natembea katikati ya madawati, nikapita nyuma yake. Anasoma sawasawa kabisa, neno kwa neno, hadi kituo anakiweka, na kidole chake kinatembea taratibu chini ya maandishi. Sungura alikua ukurasa wa 26. Kitabu chake kilikua kimefunguliwa ukurasa wa 31, kidole kinapita chini ya maneno ya kuhusu kupiga mswaki.

Hakua anajua kusoma. Alikua anawasikiliza wenzake wanaosoma kabla yake, anakariri, na zamu yake ikifika anairudisha habari yote kama alivyoisikia. Miezi mitano, hatua nne kutoka mezani kwangu, namuwekea vema kwenye mahudhurio kila asubuhi. Niliishiwa nguvu, nilimuacha amalize, nikamwambia vizuri kaa chini, nikaenda kusimama mlangoni naangalia nje.

Kipindi kina dakika 40. Gawa kwa watoto 94, kila mmoja anapata kama sekunde 25, hapo sijafuta ubao, sijaamua ugomvi wa penseli. Kwahiyo hii ana kwa ana tunayoisifia, wale tulio ndani yake tunajua mtoto anaweza kukaa mbele ya macho yako mwaka mzima na usimuone. Yule kijana nikaanza kukaa nae dakika kumi kila siku wakati wa mapumziko, tunaandika herufi kwenye mchanga chini ya mti, ba be bi bo bu, mwanzoni alikua anaangalia mdomo wangu badala ya mchanga, ndo mazoea yake aliyojijengea. Ilichukua karibu miezi minne. Siku moja akaja na mfuko wa chumvi kutoka kwao, mtupu, ameukunja mfukoni, akaufungua akanisomea yote yaliyoandikwa mpaka gramu.

Kwahiyo mimi, nikiulizwa lipi bora, nauliza swali lingine, huyu mwanafunzi akinyamaza nani atajua? Chuo changu cha kwenye simu hakikujua. Darasa langu la matofali nalo halikujua.

Nikumbushe kidogo 2020. Shule zilifungwa katikati ya Machi, kidato cha sita na vyuo wakarudi Juni 1, sisi wengine Juni 29. Dunia nzima ilikua hivyo, UNESCO walihesabu wanafunzi zaidi ya bilioni 1.5 waliokua nyumbani wakati ule mbaya zaidi, na kila mahali neno likawa onlaini. Huku kwetu vipindi vilikua vinarushwa redioni na kwenye TV na vilikua vizuri, mi nilikua navisikiliza. Shida ni kwamba saa ya kipindi redio iko shambani na baba. Nikafungua grupu la WhatsApp la wazazi wakaingia 11, narekodi sauti naelezea hesabu za sehemu, naona tiki za buluu nne. Nikaachana nalo. Nikachukua manila nikaandika maswali kwa maka peni, nikabandika ukutani kwa mwenye duka pale senta ambapo kila mtoto lazima atumwe chumvi au mafuta ya taa, wananakili, Jumamosi napita nasahihisha wakija wawili watatu kwa zamu. Hayakua masomo ya maana sana kusema kweli. Ila kwa mara ya kwanza tangu Machi nikawa najua nani yupo na nani hayupo.

Nilipomsimulia baba kwenye simu akanijibu, "Sasa hiyo si ndo Mtu ni Afya hiyo."

Baba yangu ni wa Urambo, mwaka 1973 alikua kijana wa miaka kama 20. Vijana wa sasa wengi hawaijui hii habari na mimi naona ni hasara kubwa kwasababu sisi tunadhani masomo ya mbali yametufikia juzi na simu janja, wakati nchi hii ilishasomesha watu karibu milioni 2 kwa mpigo kwa kutumia redio. Kampeni iliitwa Mtu ni Afya. Kipindi kinarushwa Radio Tanzania, kuna malaria, kichocho, minyoo, kuhara, kifua kikuu, maji safi, na kila wiki watu wanakusanyika kusikiliza. Na neno la kushika hapo ni wanakusanyika. Redio haikuachwa peke yake. Kila kikundi kilikua na kiongozi aliyepewa mafunzo, na kitabu, mnasikiliza wote, redio ikizimwa mnajadili, hii hapa kwetu ikoje, alafu mnakubaliana wiki hii tunafanya nini. Wakatoka hapo wakachimba vyoo, wakafyeka majani kuzunguka nyumba, wakafukia madimbwi. Choo cha kwanza cha bomani kwa babu kilichimbwa mwaka huo, baba ananionyesha kila tukienda Urambo, ni shimo tu limefukiwa siku hizi limeota mpapai, lakini lazima tusimame pale.

Nikamuuliza baba, na mtu asipotokea kwenye kikundi? Akashangaa swali. Akasema mnampitia, mnajuana wote, asipokuja leo jioni mnapita kwake.

Nikaanza kuangalia na hivi vitu vya wenzetu kwa jicho hilo. Uingereza walianzisha chuo kikuu chao huria 1969, wanafunzi wa kwanza wakaanza Januari 1971, watu wanakumbuka zile lekcha zilizokua zinarushwa BBC alfajiri na usiku, lakini kumbe kila mwanafunzi alikua na mkufunzi wake wa kumsahihishia, na kulikua na vituo vya kukutania na makambi ya kiangazi ambapo mnakaa pamoja wiki nzima. Hata chuo kikuu huria chetu kilipoanzishwa kwa sheria ya 1992 kilikuja na vituo vya mikoani, mtu wa Tabora awe na mlango wa kugonga. Mimi sikusoma hapo ila nawaheshimu kwa hilo.

Alafu uje 2011, Chuo Kikuu cha Stanford Marekani wakaweka kozi moja ya akili bandia wazi kwa dunia nzima, bure, wakajiandikisha watu kama 160,000. Watu wakasema hii ndo mwisho wa madarasa. Waliomaliza hawakufika 25,000. Najua wengi wao walikua wanachungulia tu, mtu kaona bure kajiandikisha, na hata hao 25,000 ni wengi kuliko mhadhiri anavyoweza kufundisha maisha yake yote, siwezi kubeza. Ila mi nimeshakua kwenye hilo kundi la walioishia njiani na najua sio wote walikua wanachungulia. Kati yao kuna mtu alikua na mama wodini.

Na hata yule Salman Khan wa Khan Academy, sio yule mwigizaji wa Kihindi, ambae video zake za hesabu zimeangaliwa na mamilioni, mwanzo wake 2004 alikua anamfundisha binamu yake mmoja, msichana yuko mji mwingine, wanatumia simu na kompyuta. Mtoto mmoja, anamjua, ni damu yake, anajua amekwama wapi. Video za YouTube zilikuja 2006 baada ya ndugu wengine nao kutaka kufundishwa. Mi nikizitazama zile video bado nasikia mtu anaeongea na mtu mmoja.

Sasa nirudi kwangu nilivyomaliza, maana nilimaliza.

Somo la takwimu lilikua limenishinda na nikapata sapu, yaani mtihani wa kurudia. Ile video ya mchepuko, ya kutafuta namba zimetawanyika kiasi gani kutoka kwenye wastani, niliiangalia mara nane. Nane kweli, nilikua natia alama pembeni ya daftari. Ule uzuri wa kurudisha nyuma niliousifia hapo juu una mwisho wake, mwalimu anarudia sentensi ileile kwa maneno yaleyale na wewe unakwama palepale, maana hajui umekwama wapi. Siku ya mtihani wa sapu Tabora mjini ndo niliwaona wanafunzi wenzangu kwa mara ya kwanza kwa sura. Tulikua kumi na kitu, tumesimama nje tunasubiri, kila mtu anajifanya anasoma. Nikamsikia mama mmoja anasema kwa sauti ya chini, huu mchepuko mimi umenitesa hata usingizi sipati. Nikamsogelea nikamwambia dada, na mimi.

Tukawa wanne. Huyo dada anafundisha darasa la awali Nzega, kaka mmoja anafundisha hesabu darasa la saba Kaliua, binti mmoja wa hapohapo mjini Isevya, na mimi. Sapu yenyewe tulifeli wawili, kwahiyo tukakubaliana Jumamosi mbili kila mwezi tunakutana Isevya kwa wazazi wa yule binti, kuna mwembe mkubwa uani, tunaangalia lekcha kwa simu moja iliyounganishwa na spika ndogo. Nauli inauma, ila tuligundua tukigawana bando moja badala ya kila mtu lake kuna kitu kinarudi.

Jumamosi ya pili kaka wa Kaliua akaisimamisha video katikati. Akaomba karanga. Akahesabu 30 kwenye mkeka akazipanga mafungu matano, fungu la 2, la 4, la 6, la 8 na la 10. Akaniambia dada, zisawazishe. Nikachukua nne kutoka kwenye la kumi nikapeleka kwenye la mbili, nikachukua mbili kwenye la nane nikapeleka kwenye la nne, yote yakawa sitasita. "Sita ndo wastani, wastani ni kusawazisha mafungu, hamna kingine." Akazivuruga akapanga upya, 5, 6, 6, 6, 7. Sawazisha. Nikahamisha karanga moja tu. Wastani sita tena. Akaniangalia. "Wastani ni uleule, sasa niambie umetoka jasho wapi zaidi?" Nikasema kule kwa kwanza. Akasema huo ndo mchepuko. Tukakokotoa kwa kanuni sasa, la kwanza likatoka kama 2.8 na la pili kama 0.6, na mimi nimezishika zile karanga mkononi naiona ile 2.8 ilivyo, nimeibeba. Nilicheka kwa furaha mpaka mama mwenye nyumba akatoka kuangalia kuna nini.

Hakuna kitu pale ambacho hakikua kwenye video. Ila kaka wa Kaliua alikua ameniona usoni dakika tatu kabla, ndo maana aliisimamisha.

Tukafungua grupu letu la watu wanne na kanuni moja tu, mtu akikaa siku tatu hajasema kitu anapigiwa. Sio kuandikiwa, anapigiwa. Mwaka wa tatu binti wa Isevya alitaka kuacha, ada ilikua imemkwamia, akanyamaza siku nne, dada wa Nzega akampigia akamkuta analia. Tulichanga kidogo, baba yake akauza mbuzi, akamalizia. Wote wanne tumehitimu. Wale wengine tuliosimama nao nje siku ile ya sapu siwajui walipofikia, na hilo huwa linanirudia.

Kwahiyo ningekua na uwezo wa kupanga mambo, chuo cha onlaini ningeanza kukiuliza mkufunzi mmoja ana majina mangapi. Mpe majina 25, mpe vocha, kila Ijumaa afungue ule mfumo unaojua kila kitu aone nani hajaingia siku saba, ampigie. Najua ni gharama, ila ukipiga hesabu ya ada za watu wanaoishia mwaka wa pili na hawarudi tena, sidhani kama vocha ndo ghali. Na darasani huku, jamani, watoto 94 kwa mwalimu mmoja tusijidanganye kwamba ni ana kwa ana. Shuleni kwetu siku hizi mimi na mwenzangu tumekubaliana, saa za kusoma anaingia kwangu nusu saa anasimama nyuma, na mi naingia kwake. Anaesimama nyuma hafundishi, anaangalia vidole viko ukurasa gani. Mpaka sasa tumewapata watatu.

Tumeshahitimu lakini Jumamosi ya Isevya bado ipo, kuna wapya watano wameanza mwaka huu wanakuja na simu zao na kaka wa Kaliua anakuja na karanga. Jumamosi iliyopita ilifika saa tatu na nusu dada wa Nzega hajatokea. Kabla sijauliza kaka wa Kaliua alishatoa simu yupo pembeni anaongea. Akarudi akasema gari lao limepata pancha Puge, wako barabarani wanabadilisha tairi, anasema msianze bila mimi.

Tukazima video, tukamsubiri.